Nilivyochora ramani ya presha ya ukoo wetu

Baba alianguka asubuhi akifunga viatu. Alikuwa na miaka 51. Kiatu kimoja kilikuwa tayari, kamba za cha pili zikawa zinamponyoka, mkono haumtii tena. Kiharusi. Hakuna aliyejua kwamba ana presha, kwa kuwa hakuwahi kulalamika hata kichwa.

Nilipofika miaka 39 nilikwenda hospitali kwa sababu ya kifundo cha mguu nilichotegua, nesi akanipima presha kama ilivyo kawaida yao. 162 kwa 101. Akarudia: 158 kwa 99. Nilitoka pale nimekata tamaa. Nilijiambia ya baba yamenifika, damu ni moja, sasa vidonge vya nini? Miezi miwili sikumeza kitu. Naitaja miezi hiyo kwa sababu najua wapo walio katika hali hiyo sasa hivi.

Aliyenitoa huko ni daktari mmoja aliyeniuliza: "Ukimwacha baba, nani mwingine kwenu?" Sikuwa na jibu. Akanipa karatasi na kazi ya kufanya: vizazi vitatu, kila mtu na presha yake, kiharusi, moyo, figo, kisukari, na hasa umri aliokuwa nao yalipomwanza. Umri una uzito mkubwa. Baba au kaka akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, ndugu waliobaki huhesabiwa kuwa na hatari zaidi. Mtu akiupata ana miaka 80, habari ni nyingine.

Wiki tatu nilikuwa kwenye simu. Majina ya magonjwa hayakuwepo. "Babu yako alikuwa mzee tu," shangazi aliniambia. Nikamwomba anisimulie siku yenyewe. "Aliamka mdomo umekwenda upande, mwanangu. Chai inamwagika kifuani na yeye hana habari." Nikaandika: kiharusi. Baba mkubwa ilisemwa alikuwa na pumu, lakini mwanawe akakumbuka kwamba alikuwa halali mpaka awekewe mito mitatu, na jioni viatu havimwingii kwa miguu kuvimba. Daktari aliposoma hayo alisema yanafanana zaidi na moyo ulioshindwa kusukuma damu. Tangu hapo sikuuliza tena mtu alikufa na nini. Niliuliza alikuwa analalaje, alitembea umbali gani kabla ya kutweta. Na kama umri haukumbukwi, niliuliza nani alikuwa ameshazaliwa wakati huo. Hilo halikunishinda hata mara moja.

Kisha nikageukia walio hai. Tumezaliwa watano, tumbo moja. Watatu tulikutwa na presha, akiwemo mdogo wetu wa mwisho mwenye miaka 29. Dada anayenifuata akatoa 116 kwa 74. Hapo ndipo nilipoelewa urithi huu unavyokwenda. Katika miaka ya 1950 madaktari wawili wa Uingereza walibishana sana: Robert Platt alishikilia kwamba presha inatokana na jeni moja (yaani kinasaba kimoja), George Pickering akasema hapana, inatofautiana kidogokidogo kati ya mtu na mtu kama urefu wa mwili. Kwa watu wengi, Pickering ndiye aliyekuwa sahihi. Utafiti uliochapishwa 2018, uliohusisha zaidi ya watu milioni moja, ulifikisha sehemu za vinasaba zinazogusa presha zaidi ya 900, na nyingi kati ya hizo kila moja inaisogeza kwa chini ya milimita moja ya zebaki, ambayo ndiyo kipimo cha namba za presha. Kila mtoto huchota nusu kwa baba na nusu kwa mama, ila si nusu ileile. Dada alichota vizuri.

Ipo presha ya jeni moja, lakini ni adimu. Katika ugonjwa wa Liddle, ulioelezwa mwaka 1963, figo hung'ang'ania chumvi na mara nyingi potasiamu hushuka. Dawa yake ni amiloridi, wakati spironolaktoni, dawa nyingine ya presha, haiusaidii. Kwa kuwa ramani yetu ilikuwa na watu wengi walioanza mapema, daktari alinipima potasiamu, pamoja na aldosteroni na renini, homoni zinazohusika na presha. Vyote vilikuwa sawa. Akapima na kolesteroli, maana nayo ina urithi wake.

Kilichonifanya nimeze kidonge ni utafiti wa mwaka 2016 alionieleza daktari. Miongoni mwa watu wenye vinasaba vya hatari kubwa ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, walioishi vizuri (bila sigara, bila unene uliopitiliza, wakifanya mazoezi na kula vizuri, angalau matatu kati ya hayo manne) walipatwa na ugonjwa huo karibu nusu tu ya wale wa vinasaba hivyohivyo waliojiachia. Nusu! Nilimwomba arudie.

Nilianza na kidonge cha presha kiitwacho amlodipini. Ilinivimbisha vifundo vya miguu, tukapunguza dozi na kuongeza losatani, dawa nyingine ya presha, uvimbe ukaisha. Chumvi nikaishusha chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kwa vyote ninavyokula. Kupima nyumbani ndiko kulikonichukua muda kukujua: mkanda uliokuja na mashine ulikuwa mdogo kwa mkono wangu na ulikuwa unapandisha namba. Sasa nina mkanda mpana. Nakaa kimya dakika tano, napima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba, siku ya kwanza naitupa, zinazobaki natafuta wastani. Nyumbani lengo ni chini ya 135 kwa 85. Wiki iliyopita wastani wangu ulikuwa 126 kwa 79.

Mdogo wangu ndiye aliyenisumbua. Mara ya kwanza alijipima amekunja nne, simu sikioni, akapata 151 kwa 96 na kusema mashine ni mbovu. Sikugombana naye. Nilimtumia picha ya ramani, jina lake likiwa chini ya la baba, na pembeni ya jina la baba ile 51. Alikaa siku nne bila kujibu. Jana jioni ametuma picha yake: mkono juu ya meza, nyayo zote mbili sakafuni, kwenye kioo 138 kwa 88, na chini ameandika, "Kaka, kliniki yako ni siku gani?"