Shingo ya Mwanangu

Januari 2017, Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, kiuno changu kilishika. Nilikuwa namwinua bibi mmoja kitandani, katika nyumba ya kutunzia wazee nilikokuwa nafanya kazi usiku. Kwa siku nne nilivishwa soksi na mume wangu.

Dada mmoja Mkongo wa Uvira, wa zamu yangu, akanishika mkono. "Uende kwa wale wanavunja mugongo, dada. Mimi nilitoka pale natembea." Mji ule umejaa matabibu wa kairopraktiki, tiba ya kusukuma na kunyoosha mgongo kwa mikono; ndiko tiba yao ilikozaliwa. Nikaenda.

Nililala kifudifudi kwenye kitanda chembamba chenye tundu la kutia uso, karatasi ikichakarika chini ya kidevu. Tabibu alikuwa mpole, mikono yake ina joto. Akanilaza ubavu, akanikunja goti, akasukuma mara moja. Ka! ka! ka! Nilishuka nimenyooka. Nafuu niliiona, na machozi yalinitoka kwa furaha. Siku mbili baadaye maumivu yakarudi, naye akanipangia ratiba ya kuja mara 24.

Mara ya tatu nilikwenda na mwanangu wa miaka minne, maana sikuwa na wa kumwachia. Alikuwa ameshika sikio tangu alfajiri, analia. Tabibu akamtazama kwa huruma, akasema nimpandishe kitandani: akinyooshwa shingo, sikio litapona. Akanionyesha picha ukutani, mzee mwenye ndevu, D. D. Palmer, mwanzilishi wa tiba yao. Mwaka 1895, mjini humo humo, Palmer alimsukuma mgongo Harvey Lillard, msafishaji wa jengo aliyekuwa hasikii vizuri kwa miaka mingi, na inasimuliwa kwamba Lillard akaanza kusikia.

Mimi nilisomea uuguzi Tanga. Neva ya kusikia ni ya nane katika zile 12 zinazotoka kwenye ubongo wenyewe, nayo huingia sikioni kwa kupenya mfupa wa fuvu. Shingoni haipiti, mgongoni haipiti. Ningeweza kuichora pale pale kwenye ile karatasi ya kitanda. Kinachopita shingoni ni mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo, miwili kati yake ikipenya matundu ya pingili za shingo zenyewe. Ukuta wa mshipa kama huo ukichanika, mtu anaweza kupatwa na kiharusi. Ni nadra, ila madaktari wameshawaona watu waliofikwa na hayo baada ya kuzungushwa shingo. Na shingo ya mwanangu ilikuwa inaenea katika kiganja changu.

"Hapana," nikasema. "Shingo ya mtoto hutaigusa."

Hakukasirika. Aliniuliza tu: mbona mgongo wako ulipata nafuu?

Swali lile nililibeba mpaka kwenye basi, kwa sababu lilikuwa la haki. Nikamkumbuka bibi yangu Pangani, alivyokuwa akinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, na nafuu ikaja kweli. Lakini mtoto akitoka usaha sikioni, bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema apelekwe hospitali. Mlio ule niliousikia ni wa gesi ndani ya ute wa kiungo, kama mtu anapoalisha vidole. Hakuna mfupa uliokuwa umehama ukarudishwa. Tafiti zinaonyesha kwamba kusukumwa mgongo husaidia kiasi maumivu ya kiuno, karibu sawa na mazoezi, na kiuno kilichoshika ghafla mara nyingi huachia chenyewe baada ya wiki kadhaa. Nafuu yangu ilikuwa ya kweli. Kwa sikio la mwanangu haikuwa ushahidi wa chochote.

Jioni ile daktari wa watoto alimulika ndani: ngoma ya sikio nyekundu, imevimba. Akampa dawa. Usiku wa pili alilala bila kulia.

Mimi kliniki ile sikurudi. Nilifanya mazoezi sakafuni mpaka mwishoni mwa Februari, mwanangu amekaa kando ya kichwa changu ananihesabia, na kila akifika nne anaruka kwenda sita.