Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa chekechea

Saa 12:30 asubuhi niko darasani, Mbagala. Kufagia, kutandika mikeka, kuitikia shikamoo, kugawa uji: mpaka saa 3 hayo yamekwisha.

Saa 3:15 nafungua Handa's Surprise, kitabu cha picha cha Mwingereza Eileen Browne cha mwaka 1994. Maneno ni ya Kiingereza, mimi nasimulia kwa Kiswahili. Handa, binti wa Kijaluo wa Kenya, amejitwisha kikapu cha matunda saba anampelekea rafiki yake Akeyo. Njiani tumbili anachomoa ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, tembo embe. Handa anatazama mbele tu, anawaza Akeyo atapenda tunda lipi. Maandishi hayataji wizi; ni picha zinazousema.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Nauliza, "Handa anadhani kikapuni kuna nini?" Wengi wanapiga kelele, "Ndizi haipo!" Mtoto wa umri huu hudhani anachokijua yeye kila mtu anakijua. Sibishani nao. Naweka kidole kwenye jicho la Handa, nakisogeza polepole hadi kwenye mkono wa tumbili. "Anauona?" Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma: "Hana macho kisogoni!" Darasa zima likajishika visogo. Wanaosema sisi tunacheza na watoto tu wangekuwepo!

Nyimbo, kunawa, chooni, ugomvi wa kalamu za rangi. Jua likiwa utosini, baba mmoja anakuja kumchukua binti yake, anafungua daftari palepale mlangoni. "Mwalimu, leo hakuna hata herufi? Nalipa ada asomewe hadithi?" Wengine wananivuta gauni, mmoja analilia kiatu, naye anapekua ukurasa baada ya ukurasa. "Baba, herufi kesho ataandika. Leo kajifunza kwamba mwenzake anaweza asijue analolijua yeye." Akasema hayo ni ya nyumbani. Nikamweleza tena, akarudi kwenye daftari, nikaeleza tena, koo limekauka. Binti akamvuta shati: "Baba, Handa hajui. Hajamwona tumbili."

Akacheka kidogo, lakini a, e, i, o, u bado anazitaka. Ataziona.

Jioni, miguu ikiwa kwenye beseni la maji, naandaa Rosie's Walk ya Pat Hutchins (1968). Kuku anazunguka shambani, mbweha yuko nyuma yake, na maandishi hayamtaji mbweha hata mara moja. Wanangu wengi hawajawahi kumwona mbweha. Nitamchora ubaoni kwanza.