Haedong Yonggungsa, hekalu la kando ya maji

Jumamosi nilipanda basi namba 181 kutoka Haeundae hadi Gijang, zote sehemu za jiji la Busan, Korea Kusini, nikalione hekalu la Kibudha la Haedong Yonggungsa. Mahekalu mengi niliyoyaona hapa Korea yamejificha milimani. Hili limekaa juu ya majabali ya bahari ya Busan, na jina lake maana yake ni jumba la Mfalme Joka, yule anayeaminika kutawala vilindi.

Njiani zimesimama sanamu za wanyama 12 wa kalenda yao, kila mwaka na mnyama wake. Mimi wa 1998, kwa hiyo wangu ni chui milia. Mbele kidogo kuna Budha wa jiwe, mnene, ambaye wanaotaka mtoto wa kiume humpapasa tumbo. Jiwe lote ni la kijivu, ila tumbo limekuwa jeusi linang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Nililitazama kwa muda mrefu. Mikono mingapi ile, na kila mkono na haja yake!

Halafu unateremka ngazi 108. Ndiyo idadi ya matamanio yanayomsumbua binadamu, na ndiyo idadi ya shanga za tasbihi yao. Yetu ina 99.

Mtawa Naong Hyegeun alilianzisha hekalu hili mwaka 1376. Wajapani walipovamia mwaka 1592 likateketea, likajengwa upya miaka ya 1930. Kwa hiyo mbao unazozigusa si za kale, lakini majabali ni yale yale. Mawimbi yanapiga chini, ndani mtawa anagonga kibao chake cha mbao, tok, tok, tok, na sauti mbili hizo zinapokezana. Mimi ni Muislamu, sikusujudu. Nilikaa kimya tu, na moyo ukatulia.

Nje, kwenye vibanda, bibi mmoja alikuwa anauza miyeok. Mwani! Mweusi, mkavu, umekunjwa mafungu. Gijang inasifika nchi nzima kwa mwani wake. Nilinusa fungu moja, nikawa Paje, kwetu Zanzibar, nyuma ya mama na kamba zake za mwani.

Nikampigia video.

"Maji yamekupwa?" akauliza, hata salamu hakunimalizia.

"Huku hayendi mbali, mama. Hakuna bamvua kama letu."

"Sasa mwani wanauchumaje?"

"Kwa boti."

Akanyamaza, akaiangalia bahari kupitia simu yangu. "Geuza kidogo," akasema, "niyaone hayo mawe."