Kwani mnaabudu mifupa?

Jana baada ya misa ya jioni hapa Kisumu tulipiga foleni kuheshimu masalia ya mtakatifu. Kipande cha mfupa si kikubwa kuliko punje ya mtama, nyuma ya kioo, kimefungwa kwa uzi mwekundu wenye muhuri wa nta. Kila mtu akibusu, padri anapangusa kioo.

Leo mama anayeniuzia omena kaniuliza, "Kwani nyinyi mnaabudu mifupa?" Hapana mama, anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Nikamfungulia 2 Wafalme 13:21: maiti iligusa mifupa ya Elisha, mtu akafufuka! Akasoma mara mbili. "Haya, lakini mimi sibusu." Si lazima, wengine waliinamisha kichwa tu.

Ila ukiona mtu anauza masalia mtandaoni, kaa mbali. Kanuni 1190 ya sheria ya Kanisa inakataza kabisa.