Siku yangu kitaluni, na bahasha kutoka Uingereza

Saa 12 asubuhi nimeshafika kitaluni, hapa kando ya Barabara ya Kiambu, jirani na Msitu wa Karura, Nairobi. Baridi ya Julai imekaza, pumzi inatoka kama moshi. Msimu huu simwagilii sana. Kazi ya kwanza ni kupita kati ya matuta nikiinua majani kwa kidole, maana unyevu ukilala juu ya miche, kuvu huingia, na kesho yake unaikuta imelala chini.

Saa 2 naketi na nyundo ndogo kuvunja kokwa za mutamaiyo, mzeituni wetu wa mwituni. Ukiziatika hivyo hivyo na ganda lake gumu, utangoja sana. Naisimamisha kila kokwa juu ya jiwe, nagonga, nasikiliza. Ikilia kavu, ganda limepasuka na mbegu ni nzima. Ikilia kwa uzito, nimeiponda.

Saa 4 aliingia mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, bahasha mkononi.

"Kijana wangu, nioteshee hizi. Binti yangu ameziokota Uingereza, mbele ya nyumba yake."

Nilizimwaga kiganjani. Mbegu za ashi! Nilizijua kwa picha za chuoni tu: kila moja na ubawa wake mwembamba, rangi ya chai, urefu wa kidole cha mtoto. Katikati yake kulikuwa na vikonyo vikavu vya majani, vyeusi. Nilishtuka.

"Mama, hebu keti kwanza."

Nikamweleza kwamba ashi ni mti wa nchi za baridi, na misitu ya huko inautegemea. Huchelewa kuchipua wakati miti mingine imeshavaa majani, na kivuli chake ni chepesi, kwa hiyo mwanga hufika chini na maua ya msituni yakapata riziki. Majani yake yakianguka huoza upesi na kurutubisha udongo. Uingereza peke yake, aina zaidi ya 900 za viumbe hutumia mti huo. Na mpini wa ashi hunepa bila kuvunjika.

Sasa unakufa. Kuna kuvu iliyotoka Asia ya Mashariki, ambako ashi za huko zimeizoea. Poland waliona miti ikikauka mwaka 1992. Huko Uingereza kuvu hiyo ikagunduliwa 2012. Majira ya baridi kuvu hiyo hulala ndani ya vikonyo vya majani yaliyoanguka, huvifanya vyeusi, kisha kiangazi huotesha viuyoga vyeupe vidogo, na upepo ukamaliza kazi. Marekani nako kuna mbawakawa wa kijani, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002. Buu wake hula chini ya gome mpaka chakula hakishuki tena mizizini. Ameua mamilioni ya miti.

"Lakini mimi sina ashi nyingine. Zitamwambukiza nani?"

Hapo ndipo nataka kila mwenye bustani Nairobi anisikie. Ashi na mutamaiyo ni wa ukoo mmoja, ukoo wa mzeituni. Mbawakawa yule ameshakutwa Marekani akila mti mwingine wa ukoo huo usio ashi, na kuvu nayo imefanya vivyo hivyo Uingereza. Karura iko hapo tu, na mutamaiyo ndani yake. Mbegu za nje huingia kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, zikakaguliwa. Na hata zingekuwa safi, hulala karibu mwaka na nusu, zikipitia joto kisha miezi ya baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri. Julai yetu haifiki huko.

Mama alinyamaza, kisha akanyoosha mkono. Tuliifunga bahasha kwa gundi ya karatasi, akaenda nayo KEPHIS waiteketeze. Nilinawa mikono mara mbili.

Saa 7 githeri, haraka haraka. Alasiri yote nilihamisha miche.

Saa 11 jioni simu ikalia. Mama alikuwa amempigia binti yake, akamwambia atoke nje atazame mti. Matawi ya juu ni makavu, hayana jani hata moja, na huko sasa ni kiangazi. Akaniomba nimwekee mutamaiyo minne mpaka mvua za vuli. Nimeisogeza kando, nimeifunga utepe mwekundu.