Parseli yetu imepata 0.15

Jumapili nilishika mita ya fundi nikapima parseli (kiwanja) yetu hapa Kadutu, Bukavu. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Papa, unapima ju ya kuuzisha?" Hapana mama, napima udongo.

Berlin wana hesabu nzuri ya kujua kiwanja kimebakiza udongo wazi na majani kiasi gani. Kila kipande cha kiwanja kinapewa alama: saruji na lami 0, mawe yaliyopangwa juu ya mchanga 0.3, bustani iliyo ardhini kabisa 1. Unazidisha kwa eneo, unajumlisha, unagawa kwa kiwanja kizima. Kule, kwenye mitaa yenye mpango wa mandhari, nyumba mpya za kuishi zinatakiwa zifike 0.6.

Sisi tuna mita za mraba 200. Nyumba inakula 110, uwanja wa saruji 60, migomba na lengalenga 30. Jibu: 0.15! Na sisi ndio wenye migomba. Wengi kwenye avenyu hii wangepata sifuri.

Bukavu si tambarare kama Berlin. Maji ya bati langu yanashukia kwa mtu wa chini, ya kwake kwa mwingine, hadi ziwa Kivu. Pale mtaa wa Funu ardhi inateleza polepole, na utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa ujenzi wenyewe umeongeza mwendo.

Nikivunja saruji ya uwanja nikapanga mawe, nafika 0.24. Mke wangu anauliza nguo zitaanikwa wapi wakati wa kazi hiyo. Mwenye nyundo kubwa ya kuazimisha aniandikie.