Saa za Mirihi, usingizi wa duniani

Kwa miaka 6 nilifanya kazi ya zamu katika chumba cha kuongozea mitambo ya umeme, na hadi leo nakumbuka jinsi saa kumi alfajiri inavyoweza kumfanya mtu asome namba moja na kuelewa nyingine. Usiku mmoja niliandika katika daftari la zamu kwamba swichi fulani imefungwa ilhali ilikuwa wazi, na kosa hilo liligunduliwa na mwenzangu aliyenipokea asubuhi, kabla halijamdhuru mtu. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia kwa makini habari za watu wanaoongoza vyombo vya anga kutoka ardhini, kwa kuwa wao wamelikabili tatizo la uchovu katika hali ngumu kuliko niliyoijua mimi.

Tukio linalonigusa zaidi ni la tarehe 6 Januari 1986, katika kituo cha Kennedy huko Florida, chombo Columbia kilipokuwa kikiandaliwa kuruka na wanaanga 7, wakiwamo Charles Bolden na Bill Nelson ambao miaka mingi baadaye kila mmoja alikuja kuliongoza NASA, shirika la anga la Marekani. Vali moja ya mfumo wa oksijeni kimiminika haikufunga ipasavyo, waendeshaji wakazielewa vibaya ishara walizoziona, na zaidi ya tani 8 za oksijeni zikatoka katika tangi pasipo mtu kutambua. Hesabu ya kuruka ilisimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 31, na hata hapo haikuwa kwa sababu upungufu huo ulikuwa umejulikana, bali kwa sababu jotoridi katika bomba la kuingizia oksijeni kwenye injini lilishuka kupita kiwango kilichoruhusiwa. Tume ya Rogers, iliyoundwa kuchunguza ajali baada ya chombo kingine, Challenger, kuangamia tarehe 28 ya mwezi huohuo, ilieleza kwamba waendeshaji hao walikuwa wamekaa mbele ya mitambo kwa saa 11, wakiwa katika siku ya tatu ya zamu za usiku za saa 12.

Ninaposoma maelezo hayo sioni uzembe wa mtu. Aliyechoka sana hawezi tena kuupima uchovu wake, kwa hiyo kumwuliza kama ana nguvu za kuendelea ni kuomba hukumu kutoka kwa akili ileile iliyokwisha kulemewa. Mwenye kumlinda ni yule anayepanga ratiba, na anapaswa kufanya hivyo siku nyingi kabla ya usiku wenyewe kufika.

Kwa wanaoongoza vyombo vilivyoko katika sayari ya Mirihi, hata ratiba nzuri hukutana na kikwazo cha jua. Katika lugha yetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na labda ndiyo maana naielewa kwa urahisi shida yao, ambayo ni kuishi Marekani huku wakilifuata jua la mahali pengine. Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Kigari, yaani chombo chenye magurudumu kinachoongozwa kutoka duniani, hufanya kazi mchana wa huko, hutuma taarifa zake jioni, na wahandisi hupanga kazi ya kesho yake wakati kigari kimelala. Hivyo zamu yao husogea mbele kwa takriban dakika 40 kila siku, na katika muda wa wiki 5 hivi huwa imeuzunguka mchana na usiku wote. Mwaka 2004, vigari Spirit na Opportunity vilipotua, fundi saa Garo Anserlian wa California alitengeneza saa za mkononi zilizopunguzwa mwendo ili wahandisi waweze kuufuata wakati wa Mirihi.

Saa ya mkononi hupunguzwa mwendo na fundi, lakini ile iliyo ndani ya mwili hutii mwanga. Mwaka 2008, wakati wa safari ya Phoenix, chombo kingine cha Mirihi, iliyoongozwa kutoka Tucson, Arizona, watafiti waliwafundisha baadhi ya wahudumu namna ya kulala na kuwapa taa za mwanga wa buluu za kutumia kazini. Wengi wa waliopimwa waliweza kuifuata siku ya Mirihi, jambo linalotia moyo, ingawa walilala kwa wastani wa takriban saa 6 tu, na hizo naziona kuwa chache mno kwa kazi ya namna ile.

Uamuzi ninaouheshimu kuliko yote ulihusu kigari Curiosity, kilichotua Agosti 2012. Baada ya takriban miezi 3 kikosi chake kiliacha saa za Mirihi na kurudi kwenye saa za duniani. Zipo siku ambazo taarifa hufika California usiku, na siku hizo mpango wa kazi huandaliwa bila kuzisubiri, ukiwa na shughuli chache ambazo hazihitaji kujua kigari kimeishia wapi. Chombo kilichogharimu takriban dola bilioni 2.5 hubaki pale kilipo, na watu wake hulala.